Pole au radhi? Wiki tano na neno "sorry"

Barua yenyewe ilikuwa ya mistari kumi na mmoja. Niliihesabu baadaye, nilipoanza kuirudia usiku. Siku ile niliipitia mara moja tu nikaona ni kazi ya nusu saa. Binti wa marehemu alikuwa amenitumia picha ya barua hiyo kwa simu. Hospitali iliyomtibu baba yake ilikuwa imejibu malalamiko ya familia, kwa Kiingereza, na mama yake alitaka kuisikia yote kwa lugha yake mwenyewe. Hakutaka muhtasari wa watoto.

Nikampigia, nikamsomea taratibu. Mstari wa nne ulisema, "We are very sorry for what happened." Nikasoma nilivyokuwa nimeandika: "Tunaomba radhi sana kwa yaliyotokea."

Mama akanyamaza.

Kisha akasema, kwa sauti ya chini kuliko ya mwanzo: "Kwa hiyo wamekubali."

Nikaendelea. Mstari wa tano ulisema taratibu zote zilifuatwa. Mistari sita ya mwisho ilieleza dawa, vipimo na saa. Katika yote saba iliyobaki hapakuwa na hata mmoja unaokubali chochote. Lakini nilihisi mama hasikilizi tena, amebaki kwenye ule wa nne. Alinishukuru, akaniombea dua, akakata simu.

Wamekubali nini?

## Neno lisilotulia

"Sorry" ni miongoni mwa maneno ambayo sikuwahi kuyafungulia kamusi. Nani hufungua kamusi kwa sababu ya "sorry"? Tumelikuta tungali wadogo, na siku hizi vijana wamelipa uraia kabisa, wanaandika "sori" na maisha yanaendelea. Lakini baada ya simu ile nikaanza kulitegea sikio kila linapotamkwa, mikutanoni, redioni, kwenye filamu, na pembeni mwa daftari nikawa naandika sisi tungesemaje mahali hapo.

Mtu hakusikia vizuri, anapandisha sauti mwishoni: "Sorry?" Hapo ni "naam?" au "umesemaje?" Mtu anapenya katikati ya umati, "sorry, sorry", hapo ni "samahani", au "naomba kupita". Mwingine ametaja Jumanne kumbe ni Jumatano, anajirekebisha bila kusimama: "Tuesday, sorry, Wednesday." Sisi tungesema "nimekosea", na wengi wetu tusingesema kitu. Mwingine anatanguliza "I'm sorry, but" kabla ya kupinga hoja, na ukiisikia hiyo ujue anakunja mikono ya shati. Hajuti chochote.

Kuna ile ya onyo: "You'll be sorry." Hapo hapana pole wala samahani, ni "utajuta". Kuna "a sorry sight", kitu au mtu aliyechakaa mpaka anatia huruma. Kuna "I feel sorry for him", namwonea huruma. Na ukiielekeza huruma hiyohiyo kwa mwenyewe, "feeling sorry for yourself", imekuwa lawama: acha kujiliza.

Na juu ya hizo zote kuna mbili zilizoninyima usingizi. Sorry ya mtu aliyeona umeumia, na sorry ya mtu aliyekuumiza.

Kwetu hizo hazijawahi kuwa neno moja. Mtoto aliyeanguka mwenyewe huambiwa pole. Akisukumwa, aliyemsukuma hutakiwa aombe msamaha, na hata kama hajafunza ulimi vizuri anajua kuwa "pole" peke yake hapo haitoshi, kwamba kuna neno jingine analodaiwa. Mstari kati ya maneno hayo mawili tunauvuka kila siku bila kuufikiria. Mimi niliufikiria kwa mara ya kwanza nilipogundua kwamba nimeuvuka kwa niaba ya watu wengine, kwenye barua isiyo yangu.

Nikatafuta dalili kwenye maneno yanayofuata. "Sorry to hear" haina utata, ni pole. "Sorry for your loss" ni pole ya msiba. "Sorry I'm late" ni samahani, maana mchelewaji amejitaja mwenyewe. Lakini "sorry for what happened"? Nani alitenda hicho kilichotokea? Sentensi haimtaji. Ukiisoma ukiwa na hasira utaona kukiri. Mwanasheria wa hospitali ataona rambirambi humo humo. Neno halitamsuta yeyote kati yenu.

## Kidonda

Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira na Kiingereza. Nililiona neno kama mlango wa nyuma, mtu anaingia akiwa mkosaji anatoka akiwa mfariji. Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya zamani, nikaenda kwenye asili yake.

"Sorry" limetoka kwenye neno la Kiingereza cha Kale, "sārig", lililozaliwa na "sār", yaani maumivu, kidonda. Ni damu moja na "sore" ya leo, ile ya koo linalowasha au mguu unaouma. Watu hudhani ndugu yake ni "sorrow", huzuni, kwa sababu yanafanana sura. Sivyo. "Sorrow" lina ukoo wake, "sorg". Karne zilivyopita maneno haya mawili yalizoeana, la pili likalivuta la kwanza mpaka matamshi yake yakabadilika, kama majirani wanaoishia kuitwa ndugu.

Kwa hiyo msemaji wa kwanza wa "I am sorry" alikuwa anasema kwamba ana kidonda. Anauma. Hakutaja kosa lolote.

Hilo lilinitikisa kidogo. Nilikuwa nimeamini kwamba "sorry" ni neno la kuomba radhi ambalo wajanja wameligeuza kuwa pole ili wasikiri, kumbe lilianza kwenye maumivu, na kuomba radhi kukaja baadaye kukaazima nyumba. Tena neno jingine wanalolitumia kwa uzito zaidi, "apology", lina asili ya ajabu kuliko hilo: kwa Wayunani "apologia" ilikuwa hotuba ya kujitetea, maneno ya mshtakiwa mbele ya mahakama. Kiingereza kiliposhika neno la kukiri, kililitwaa mikononi mwa mtu anayejitetea.

Na yetu je? "Pole" lina undugu na upole na polepole. Ni kama kumwambia mtu: nenda taratibu na maumivu yako. Ndiyo maana wengi hujibu "nimeshapoa", na jibu hilo linakaa sawasawa. "Samahani" na "radhi" tumeyapata kwa Kiarabu, na "radhi" ni ridhaa, kutosheka kwa moyo. Anayeomba radhi anamwomba aliyekosewa amrudishie kutosheka kwake. Ufunguo ameuweka mkononi mwa mwenzake, na mwenzake anaweza kukataa.

Hapa nikaona kitu ambacho miaka yote ya kutafsiri sikuwahi kukiona. "I am sorry" haiombi chochote. Ni taarifa kuhusu hali ya msemaji, kama mtu kusema amechoka au ana njaa. Ukishaisema umemaliza. "Nisamehe" haijamalizika mpaka mwingine ajibu.

Mama yule, nilipomsomea "tunaomba radhi", alisikia kwamba anaombwa kitu. Ndiyo maana alinyamaza.

## Mvua haina mkosaji

Watafiti watatu wa Marekani, Alison Wood Brooks, Hengchen Dai na Maurice Schweitzer, walichapisha mwaka 2014 jaribio ambalo nimelirudia mara nyingi. Siku ya mvua, mtu aliyetumwa nao alisimama kwenye stesheni ya treni akawa anawaomba watu wasiomjua wamwazime simu. Nusu yao aliwaambia tu, naomba kuazima simu yako. Nusu nyingine aliwatangulizia, "I'm sorry about the rain!" Walioombwa bila kutanguliziwa neno, asilimia 9 walitoa simu. Waliotanguliziwa, asilimia 47.

Watafiti waliita hiyo radhi isiyohitajika, kwa maana mtu anaomba radhi kwa jambo ambalo si kosa lake.

Niliposoma nikasema peke yangu kwa sauti: hiyo si radhi, hiyo ni pole na mvua!

Sikio la Kiswahili linaisikia papo hapo. Hakuna mtu anayekuambia "pole na mvua" akakusudia kuwa ameileta yeye. Amekuona umelowa, basi. Watafiti walikuwa na neno moja tu kwa mambo mawili, wakaliweka lote kwenye kapu la kuomba radhi, kisha wakashangaa kwamba kuna radhi isiyo na kosa. Kama wangekuwa na "pole" ninaamini wangeandika makala nyingine kabisa: kwamba mgeni aliyekuona unavyoteseka, hata kwa mvua, si mgeni tena.

Na kinyume chake hutupata sisi. Ukimwambia mzungumzaji wa Kiingereza "sorry" kwa sababu amejikwaa, mara nyingi atakujibu, "It's not your fault." Unabaki umesimama na pole yako mkononi haijapokelewa. Mwanaisimu Deborah Tannen ameandika kwamba hata miongoni mwa wazungumzaji wa Kiingereza wenyewe hutokea hivyo, hasa mwanamke anapomwambia mwanamume "sorry" akikusudia kuonyesha anajali, na mwanamume akamjibu kana kwamba amejitwisha lawama. Kwa hiyo tatizo si ugeni wetu tu. Neno lenyewe linawapiga chenga wenyeji.

## Barua yenye sorry mbili

Nilidhani huenda ninakuza jambo dogo. Kisha nikakumbuka ile ndege.

Tarehe 1 Aprili 2001, ndege ya upelelezi ya Jeshi la Wanamaji la Marekani iligongana angani na ndege ya kivita ya China. Rubani wa China, Wang Wei, alipotea. Ndege ya Marekani ilitua kwa dharura kisiwani Hainan, na watu wake 24 wakashikiliwa. China ilitaka Marekani iombe radhi. Marekani ilisema haijakosa, na asiyekosa haombi radhi.

Walikaa hapo siku kumi na moja.

Kilichowatoa ni barua ya balozi wa Marekani, na ndani yake "very sorry" mara mbili. Moja kwa ajili ya rubani aliyepotea, familia yake na watu wa China. Nyingine kwa sababu ndege iliingia anga ya China na kutua bila kibali cha maneno. Washington ikawaambia watu wake: hatujaomba radhi. Beijing ikawaambia wake: wameomba. Wote wawili walikuwa wameshika karatasi moja.

Jaribu sasa kuiandika barua hiyo kwa Kiswahili. Mimi nilijaribu, jioni nzima. Ya kwanza inakaa vizuri na "tunatoa pole". Ya pili inakataa. Ukiandika "tunasikitika sana kwamba ndege iliingia", China haijapata kitu. Ukiandika "tunaomba radhi", Marekani imekiri. Nilijaribu "tunajuta", ikawa nzito kuliko radhi yenyewe. Kila neno nililolishika lilikuwa limeshachagua upande kabla sijaliweka mahali pake.

Watu 24 walirudi nyumbani kwao kwa sababu Kiingereza kina neno lisilochagua. Siwezi tena kuliita mlango wa nyuma tu.

## Sheria ilipolipasua

Upande wa hospitali sasa, maana ndiko barua yangu ilikotoka.

Huko Massachusetts, binti wa seneta wa jimbo aligongwa na gari akiwa kwenye baiskeli miaka ya 1970, akafa. Dereva hakusema neno. Baba akaja kuelezwa kwamba dereva asingethubutu: "sorry" yake ingeweza kusomwa mahakamani kama ushahidi dhidi yake. Harakati zilizoanzia hapo zikazaa sheria ya mwaka 1986, inayosema maneno ya kuonyesha huruma baada ya ajali hayawezi kutumika kama ushahidi wa kukubali kosa. Majimbo mengine mengi yakafuata.

Nimeisoma sheria hiyo kama mtafsiri na nikaona kwamba walilazimika kufanya kwa kifungu cha sheria kile ambacho sisi tunafanya kwa neno moja. Pole inalindwa, kukiri hakulindwi. Wamelipasua "sorry" katikati.

British Columbia nchini Kanada ilifanya vingine mwaka 2006. Ikalilinda neno zima, pole na radhi pamoja, hata msemaji akiwa amekiri waziwazi. Mwaka huohuo Uingereza ikaweka kwenye sheria ya fidia kwamba kuomba radhi, kwenyewe tu, si kukubali uzembe.

Kwa hiyo aliyeandika ile barua ya mistari kumi na mmoja yawezekana alikuwa analindwa kusema lolote, na yawezekana alikuwa anaogopa kusema lolote. Nilitaka sana kumchukia. Lakini kila nilipomfikiria amekaa mbele ya kompyuta, niliona mtu aliyepewa neno moja la kubebea vitu viwili, asiyeruhusiwa kusema anabeba kipi. Labda alilia alipoandika. Labda alinakili kutoka barua ya jana. Mstari wa nne ungekuwa uleule.

## Waliolidai neno lenyewe

Kilichonigeuza ni Australia.

Kwa miongo mingi ya karne ya 20 serikali huko ziliwachukua watoto wa wenyeji asilia kutoka kwa wazazi wao. Ripoti rasmi ya mwaka 1997 iliyaanika, na ikataka serikali iombe radhi. Mwaka 1999 Waziri Mkuu John Howard alipeleka bungeni azimio lenye maneno mazito, majuto ya kina na ya dhati. "Sorry" halikuwemo. Alishikilia kwamba kizazi cha leo hakiwezi kubeba hatia ya waliotangulia.

Nilipokuwa nimefikia hapo katika mawazo yangu, nilitegemea watu waseme: majuto ya kina ni makubwa kuliko "sorry", neno la kupenyea kwenye umati. Hawakusema hivyo. Tarehe 28 Mei 2000 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la bandari ya Sydney kwa miguu, na ndege ikaandika angani, juu yao, kwa moshi mweupe: Sorry.

Ni herufi tano walizozitaka. Watu walitia saini vitabu vilivyoitwa kwa jina hilo. Siku ya kumbukumbu, 26 Mei, inaitwa kwa jina hilo. Na tarehe 13 Februari 2008, Waziri Mkuu Kevin Rudd aliposimama bungeni kuomba radhi kwa niaba ya taifa, "apologise" alilitumia, lakini watu waliokuwa wakilia nje walikuwa wakilisubiri lile jingine. Akalisema. Akalirudia.

Kwa nini lile?

Nimepata jibu ninaloliamini katika Kiingereza cha wenyeji asilia wenyewe. Kwao "sorry business" ni shughuli za msiba: kukusanyika, kuomboleza, kumzika mtu kwa taratibu zake. Kwao neno limebaki karibu na kidonda, mahali lilipozaliwa. Waliodai "sorry" walidai kitu ambacho majuto ya azimio la bunge yasingeweza kuwa: kwamba mwenye kosa aje msibani. Akiri, ndiyo. Lakini akiri akiwa anauma.

Pole na radhi katika pumzi moja.

Hapo ndipo nilipoacha kuringa kwamba Kiswahili kimetenganisha vizuri. Kimetenganisha, kweli. Lakini mtu anaweza kwetu kuomba radhi bila kuumia hata kidogo, na anaweza kutoa pole akiwa ndiye aliyeua. Neno linalounganisha mambo hayo mawili linaficha, na siku nyingine linadai zaidi kuliko maneno yetu mawili yanavyodai kila moja peke yake.

## Siku mbili za mwaka 2023

Wenzangu wa Afrika Mashariki hawahitaji kusimuliwa historia yenyewe. Nataka maneno tu.

Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza wakati huo, akitangaza bungeni London malipo kwa Wakenya 5,228 waliolalamikia mateso ya wakati wa Mau Mau, alisema serikali yake inasikitika kwa dhati kwamba maovu hayo yalitokea. Alitumia "regret", na akaongeza kwamba serikali bado inakataa kuwa na wajibu wa kisheria. Tarehe 31 Oktoba 2023 Mfalme Charles, akiwa Nairobi, alisema maovu yaliyopita yanamletea "the greatest sorrow and the deepest regret".

Sorrow. Lile lenye sura ya ndugu, ambalo si ndugu. Sikiliza jinsi lilivyokaribia.

Siku iliyofuata, 1 Novemba, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikuwa Songea kwenye makumbusho ya Maji Maji, na akasema kwa Kijerumani kwamba anaomba msamaha kwa waliyoyatenda Wajerumani pale. Hilo ni ombi, na ukilitafsiri halikusumbui. Wapo walioliona halitoshi bila fidia, na hilo ni suala jingine. Ninachosema ni kwamba mtafsiri wake siku ile hakukosa usingizi.

## Radhi yetu iliyochakaa

Lazima niseme na hili, vinginevyo nitakuwa nimewaonea wenye lugha yao.

Tumeandika mara ngapi, "tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza"? Itazame sentensi hiyo. Usumbufu umejitokeza. Umetoka wenyewe, kama uyoga. Hakuna aliyeuleta. Neno "radhi", lile linaloweka ufunguo mkononi mwa mwenzako, tumelibandika kwenye matangazo mpaka limekuwa gundi. Na "kama kuna niliyemkosea anisamehe" haina tofauti kubwa na ile "sorry if" yao: "kama" inahamisha mzigo, sasa ni kazi ya aliyeumia kujitokeza na kuthibitisha kwamba ameumia.

Kwa hiyo lugha haimzuii mtu kujificha. Ila Kiswahili kinamtaka achague kwanza pa kujificha. Mwandishi wa barua ile hakuchagua. Mimi ndiye niliyemchagulia, kwa nusu saa, na mjane akalala na uchaguzi wangu akidhani ni wao.

Nilichokosea ni kuliziba pengo kimyakimya. Kwa kuwa sikujua walichokusudia, nilipaswa kumwambia mama hapohapo kwamba mstari huu una njia mbili.

## Simu ya pili

Wiki ya tano nilimpigia. Nilikuwa nimejiandaa kueleza mengi, kidonda na mvua na yote. Alinisikiliza dakika moja tu.

"Mwanangu, kwa hiyo hawakuomba radhi?"

"Sijui, mama. Neno walilotumia linaweza kuwa radhi, linaweza kuwa pole. Niliandika radhi bila kukuambia. Naomba unisamehe."

"Nimekusamehe." Akakaa kidogo. "Na wao wanajua walichosema?"

Nikamwambia sina hakika hata kwa hilo.

"Basi waulize."

Nilifungua ukurasa nikaanza kuiandika kwa Kiingereza, yeye akiwa bado kwenye simu. Nikafuta. Nikaanza tena. Unamuulizaje mtu kwa Kiingereza kama "sorry" yake ni "sorry" au ni "sorry"? Kila nilivyoandika ilisikika kama mashtaka, au kama somo la lugha. Nikamwambia mama kwamba sentensi inanishinda.

"Kwa nini unaiandika kwa lugha yao?" akauliza. "Mimi yao nimetafutiwa mtu wa kunisomea. Andika yetu. Na wao watatafuta mtu."

Nikaandika: "Katika barua yenu, mstari wa nne, mlitupa pole au mlituomba radhi?"

Nikamsomea. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Weka jina langu chini," akasema.